Chupa ya Maji na Kelele Zetu

Mtu akituma picha ya mtaro uliozibwa na chupa za plastiki kwenye kundi la WhatsApp la parokia, utajua yanayofuata. Mmoja analaumu vijana, mwingine Serikali, wa tatu anauliza mbona ufisadi hamuusemi, wa nne anatuma mwaliko wa kikao cha harusi. Hakuna aliyemjibu mwenzake. Papa Fransisko katika Fratelli Tutti (2020) aliyaona mabishano ya namna hii kuwa ni watu kuongea peke yao, kila mmoja kwenye mstari wake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba aliyetengeneza chupa hatajwi kabisa. Soda ya chupa ya kioo tunaijua: unainywa pale pale dukani, au unaacha pesa ya chupa ndipo uondoke nayo. Kreti inarudi kiwandani, chupa zinaoshwa, zinajazwa tena. Chupa ni mali ya kampuni, kwa hiyo kampuni inaifuata. Ya plastiki inakuwa yako ukishalipa, na gharama ya kuizoa inahamia kwa halmashauri, kwa mto, kwa mkulima wa bondeni. Kisha tunagawiwa fulana siku ya usafi wa ufukwe na kuhimizwa tutupe taka pipani!

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, rambo zilitoweka madukani haraka, tukarudi kwenye vikapu. Haikubidi kila mtu aongoke kwanza. (Vile vifuko vyembamba vya nyanya vimerudi kinyemela, lakini hilo ni suala la usimamizi.)

Sisi nasi tuna letu. Kwenye upadrisho na jubilei zetu, maji ya chupa ndogo huagizwa kartoni kwa kartoni, kwa sababu jagi mezani linaonekana umaskini. Mgeni anapiga mafunda mawili, chupa inabaki chini ya kiti. Papa Benedikto XVI, katika Caritas in Veritate (2009), alifundisha kwamba kununua ni tendo la kimaadili. Laudato Si' inalirudia fundisho hilo katika namba 206, na kukumbusha kuwa wanunuzi waliogomea bidhaa fulani wamewahi kuyalazimisha makampuni kubadilika. Mtu mmoja dukani hana sauti hiyo. Parokia inayoagiza vinywaji vya watu elfu moja inayo.

Kwa hiyo nawaomba wanakamati: soda za kreti, na maji yaliyochemshwa kwenye ndoo zenye bomba, glasi zikiwa kando. WAWATA wanajua kuyaandaa. Najua atasimama mtu kusema tutaaibika mbele ya Baba Askofu. Mimi sijawahi kumsikia askofu akilalamikia glasi. Upadrisho wa Julai unakaribia na vikao vimeanza. Jambo hili liingizwe kwenye ajenda kabla oda ya maji haijapelekwa.