Kifungo cha Miezi Mitatu, na Kile Tulichokiongeza Sisi



Wahenga walisema, funika kombe mwanaharamu apite. Wiki hii tumeona ni wajibu wetu kulifunua kombe moja, kwa kuwa tulipolifunika, aliyeumia ni mtu asiye na hatia.

Mtaani kwetu yupo baba mmoja, jina lake tunalihifadhi, aliyehukumiwa kwenda jela miezi mitatu kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Usiku huo alimgonga kijana wa bodaboda, akamvunja mguu. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, naye alipopimwa alikuwa amekipita. Mwislamu asidhani kwamba akiwa chini ya kikomo hicho amesalimika. Mtume wetu (rehma na amani zimshukie) alitufundisha kuwa kinacholevya kwa wingi wake, hata uchache wake ni haramu. Sheria ya nchi inapima damu; dini imekataza tone.

Tukiri ukweli: tulikuwa tukijua. Tulikuwa tukiisikia harufu. Tulimwona akiikosa swala ya alfajiri wiki baada ya wiki, na gari lake likiingia mtaani saa nane za usiku likiyumba. Tukasema ya nyumba ya mtu si yetu, na kimya hicho tukakiita stara. Stara ni kutoitangaza aibu ya ndugu yako. Kumwacha na funguo za gari mkononi hali unajua hali yake si stara. Katika Suratun Nisaa, aya ya 43, waumini walikatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa, mpaka wayajue wanayoyasema. Ikiwa mlevi haaminiwi kwa maneno ya ulimi wake mwenyewe, ataaminiwaje kwa roho za watu walioko barabarani?

Alipofungwa, ndipo ndimi zetu zilipofunguka. Barazani, harusini, hata kwenye foleni ya udhu, habari ikawa ni yeye. Mkewe aliwaambia watoto kuwa baba amesafiri kikazi. Haukupita muda, mwanawe mkubwa akaambiwa ukweli na wenzake madrasa, kwa kicheko. Siku ya pili yake hakwenda kusoma, wala ya tatu. Tulinyamaza palipotakiwa kusema, tukasema palipotakiwa kunyamaza.

Wazazi wenzetu, mtoto asidanganywe. Aambiwe kwa kadiri ya umri wake: baba amefanya kosa kubwa, anaadhibiwa, atarudi, na sisi bado ni watoto wake. Uongo wa safari humfanya mtoto ajifunze mambo mawili kwa pamoja: kwamba baba yake alikosea, na kwamba mama yake haaminiki.

Baba yule alitoka. Kifungo cha serikali kilikwisha langoni, kikaanza cha kwetu. Watoto wa mtaani walikwisha mpa jina la utani, na wakubwa walilicheka, ilhali Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza kuitana kwa majina ya kejeli. Katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, mtu aliyekunywa pombe aliletwa mbele ya Mtume, akaadhibiwa. Alipokuwa akiondoka, mmoja akamwombea fedheha. Mtume akamkanya, akaeleza kuwa kusema hivyo ni kumsaidia shetani dhidi ya ndugu yao. Adhabu ilitekelezwa, matusi hayakuruhusiwa kuongezwa juu yake.

Hata hivyo, kumpokea mkosaji si kumsahau aliyekosewa. Wanazuoni wametufundisha kuwa toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuiacha, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Dhambi inapogusa haki ya mtu, huongezeka sharti la nne, nalo ni kumrudishia haki yake au kumwomba radhi. Miezi mitatu jela haikumlipa kijana wa bodaboda hata shilingi moja. Pikipiki yake ilikuwa ya mkataba, na mwenye pikipiki hakuacha kudai hesabu ya kila siku. Katika muda wote ule tuliokuwa tukimjadili mfungwa, ni wachache mno kati yetu waliokwenda kumjulia hali majeruhi.

Sasa baba huyu hupeleka kiasi kila mwisho wa mwezi kupitia kwa imamu. Kijana hupokea, lakini bado hajatamka kuwa amesamehe. Hatuna haki ya kumharakisha. Mguu ni wake. Haki tuliyo nayo ni kumtembelea, na kujipanga safu moja na yule aliyetoka jela bila ya kumwachia nafasi tupu kuliani na kushotoni.

Na yule mwingine tunayemjua leo, ambaye bado hajagonga mtu, tumwendee kabla ya Ijumaa ijayo. Tumwendee faraghani, kwa upole, na tusiondoke bila ya funguo.

Tunamwomba Allah atusitiri, atukubalie toba zetu, na azilinde familia zetu. Amin.