Hiyo Si Kelele ya Wazungu, Ni Nduru

Niliposti klipu ya Lord Spikeheart akinguruma kwa maiki, msee mmoja wa hapa kwetu akanijibu: "Wewe mtoto wa mchuma chai wa Kericho, panki wapi na wapi? Hizo ni kelele za wazungu."

Sawa, mkubwa. Na chai je? Hii michai yote hadi Bomet ilianza kupandwa na mabeberu miaka ya 1920, kwa ardhi waliyonyang'anya babu zetu. Mwaka 1934 wakatunga hadi sheria ya kuwafurusha Talai wapelekwe Gwassi. Hiyo chai tunachemsha na maziwa tunaiita yetu. Gitaa likikasirika kidogo ndiyo mnakumbuka utamaduni?

Na mjue historia. Bad Brains, moja ya bendi zilizoanzisha panki kali kule Washington, ni watu weusi. Duma walikuwa vijana wawili wa Nairobi, albamu yao ikatoka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Huyo Spikeheart wa Duma ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, fildi mashali wa Mau Mau. Mzungu hapo ni nani?

Mnasema maneno hayasikiki. Kweli, hata mimi mengine siyapati. Lakini nduru ikipigwa kijijini saa nane usiku, nani huuliza mashairi yake? Unavaa gambuti unatoka. Panki kali ni hiyo tu, nduru yenye ngoma.

Sasa niambieni, hapa kwetu nani amepiga nduru kwa wimbo? Februari 2023 BBC ilionyesha wanawake wa mashamba ya chai Kericho wakieleza vile wasimamizi walidai ngono ndiyo wapewe kazi. Mei mwaka huo huo mashine za kuchuma chai zikachomwa, kwa sababu mashine moja inakula kazi ya watu wengi. Mnakumbuka wimbo gani? Wanamuziki wetu wana sauti, sikatai, lakini nyingi zimekodiwa: harusi, harambee, kampeni, mheshimiwa hivi, mheshimiwa vile. Hata Juni 2024 tukikataa Mswada wa Fedha, tuliandamana na "Anguka Nayo" ya Wadagliz. Ngoma tamu, nimeidensi hadi viatu vikaisha. Lakini ni ya densi. Hasira ilikuwa yetu, wimbo tukakopa.

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, nilirudi nyumbani na spika moja. Siku moja nikamchezea mama Duma, ametoka shambani, kikapu bado mgongoni. Nilijua atasema nizime. Akasimama mlangoni akasikiliza, akauliza: "Huyo kijana amefanyiwa nini?"

Nyinyi wa komenti hamkuuliza hilo.

Nina gitaa lililobaki na nyuzi nne na maiki ya kuazima kanisani (pasta hajui ya nini). Natafuta mpiga ngoma, Kericho au Bomet. Na msichana mwenye sauti, hasa aliyewahi kufanya kazi kwa majani chai. Kama wewe ni wa kuvaa tisheti ya bendi tu, pita.