Neno la Mwananchi Lisiishie Ukumbini

Katika mji wetu wa Zanzibar neno "baraza" lina maana mbili. Kuna baraza ya mawe iliyojengwa mbele ya nyumba, ambapo majirani hukaa jioni wakazungumza yao. Na liko Baraza la Manispaa, lenye madiwani, katibu na kumbukumbu za mkutano. Yasemwayo katika baraza ya jirani yana ruhusa ya kwenda na upepo. Yasemwayo mbele ya madiwani hayana ruhusa hiyo, kwani yanapaswa kuandikwa na kupatiwa jibu. Tunasikitika kwamba wako wananchi ambao, baada ya kuhudhuria mikutano mingi, hawajaiona bado tofauti ya mabaraza haya mawili.

Wanayoyasema wananchi hao yanafahamika. Ni mtaro uliojaa mchanga na taka, karo linalofurika kila mvua inaponyesha, jaa la mtaani lisilozolewa kwa wakati, na taa ya njia iliyozimika. Mambo haya huonekana madogo kwa anayeyasikia akiwa ametulia kitini. Si madogo kwa mama anayeamka usiku wa manane kuinua godoro na watoto maji yakiwa yameshaingia chumbani. Wahenga wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Inafaa tukumbuke mji huu umekua kwa kasi gani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169. Hilo ni ongezeko la karibu watu laki tatu katika miaka kumi. Nyumba zimejengwa mabondeni na juu ya njia za maji, na maji hayakuuliza ruhusa ya kurudi kwao. Mvua kubwa za mwaka 2017 zilitufundisha hilo kwa uchungu. Kabla yake, mripuko wa kipindupindu ulioanza mwaka 2015 na kuendelea 2016 ulituonesha kwamba uchafu wa mtaa mmoja haukai katika mtaa huo peke yake.

Hapana shaka kwamba Serikali imefanya kazi. Mitaro mikubwa ya maji ya mvua imejengwa chini ya Mradi wa Huduma za Jamii Mijini, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na jaa la Kibele limetengenezwa. Lakini mtaro mkubwa hauna faida kwa mtaa ambao kijitaro chake kimeziba. Anayejua kimeziba wapi, na tangu lini, ni mkaazi wa hapo. Wazee wa mji huu wanakumbuka mahali ambapo maji yalikuwa yakipita kabla ya nyumba kujengwa. Jina la Darajani lenyewe latukumbusha daraja lililovuka mkono wa bahari ulioingia nyuma ya Mji Mkongwe, ambao baadaye ulifukiwa. Elimu ya namna hii ni mali ya mtaalamu wa ramani, naye huipata bure akikubali kusikiliza.

Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 2014 ndiyo inayoziongoza manispaa zetu. Sheria huunda chombo. Imani ya watu hujengwa na mwenendo wa chombo hicho. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, ambayo hayahitaji mkopo wala mfadhili.

Kwanza, kila lalamiko litolewalo mkutanoni liandikwe kwa jina la shehia na mahali penyewe, na atajwe afisa atakayelishughulikia. Pili, mkutano unaofuata ufunguliwe kwa majibu ya malalamiko yaliyotangulia, kabla ya kupokewa mapya. Tatu, majibu hayo yabandikwe katika ofisi ya sheha, ili asiyeweza kuhudhuria ayasome au asomewe. Jibu la "haiwezekani mwaka huu kwa sababu hii" nalo ni jibu. Mwananchi huvumilia ukosefu wa fedha akielezwa. Asichovumilia ni ukimya.

Aidha, tungependa ikome desturi ya kumwambia mlalamikaji kwamba jambo lake si la manispaa, bali ni la Mamlaka ya Maji au la wizara fulani, kisha mazungumzo yakaishia hapo. Huenda ni kweli. Lakini mwananchi huyo hawezi kuzunguka mji mzima akibisha hodi kila ofisi. Manispaa iliyompokea iandike barua kwa ofisi inayohusika na imletee jawabu.

Wala isifikiriwe kwamba anayesimama kulalamika ni adui wa viongozi au mtumwa wa chama kingine. Maji machafu hayachagui nyumba kwa kadi ya chama. Aliyechoka kabisa na serikali yake hukaa kimya nyumbani. Anayefunga safari kuja kusema bado ana matumaini nayo, na hayo ni matumaini ya kulindwa.

Kwa upande wetu wananchi, haki ya kusema ina wajibu wake. Haifai mtu kuulalamikia mtaro asubuhi na kutupa humo mfuko wa taka jioni. Haifai kujenga ukuta juu ya njia ya maji na kuilaumu manispaa kwa mafuriko ya jirani. Na tunaposimama mkutanoni tuseme kwa ufafanuzi: mtaro upi, shehia ipi, tangu lini. Neno lenye anwani ni vigumu kulipuuza.

Mvua za masika huanza mwezi wa Machi, na hazisubiri kikao. Waheshimiwa madiwani wafungue kumbukumbu zao za mwaka uliopita, wahesabu malalamiko mangapi yalipokewa na mangapi yamejibiwa, kisha wawaeleze wananchi hesabu hiyo bila ya kuficha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa za mji huu wananchi wameshazionesha. Kilichobaki ni kazi ya kuziba.