Bweta la Kadi 60



Jumamosi iliyopita nilikuwa barazani kwa mdogo wangu, hapa Bulyaga, mjini Tukuyu, nikichambua mboga huku watoto wakicheza baada ya madrasa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, nasi sote tulikuwa tumejibana chini ya paa moja. Ghafla mtoto wa jirani akasimama, akatupa kadi zake juu ya mkeka, akamwambia mwanetu maneno ambayo mama yake aliyasikia mpaka jikoni: "Wewe ni mwizi. Zile kadi zako za kung'aa unazijua hata zikiwa kifudifudi."

Mwanetu ana miaka kumi. Baba yake anafanya kazi Muscat, na alipokuja likizo mara ya mwisho alimletea kadi 60 za wachezaji wa mpira, kila moja ikiwa na picha na tarakimu za nguvu ya kushambulia na ya kulinda. Kila mtoto huweka rundo lake kifudifudi, huvuta kadi kwa zamu, na mwenye tarakimu kubwa hupata bao. Furaha yote ya mchezo iko katika kutojua kadi ipi inafuata. Ndiyo maana neno lile lilimchoma. Alilia kilio cha mtu aliyedhulumiwa, na mama yake akatoka jikoni akiwa tayari kumtetea.

Nikaomba kadi zote, nikazipanga juu ya meza. Zile za kawaida zilikuwa zimelala vizuri. Zile za kung'aa, ambazo zilikuwa tisa, zilikuwa zimejikunja kama kijiko, kingo zake zimeinuka. Zikiwa ndani ya rundo, mtu yeyote mwenye macho angeziona kabla hazijavutwa. Mwanetu hakuiba. Lakini mwenzake naye hakuwa amesingizia: alichokiona kilikuwepo. Katika mashindano makubwa ya michezo ya namna hii huko ng'ambo, kadi inayotambulika kwa mgongo wake huhesabiwa kuwa kadi yenye alama, na mchezaji hulazimika kuibadilisha, awe na nia njema au mbaya.

Kisa cha kujikunja huku ni chepesi kukieleza. Kadi ya kung'aa ina tabaka jembamba la kung'aa upande wa mbele na karatasi nyuma yake. Karatasi hunywa unyevu wa hewani ikavimba na kurefuka kidogo; tabaka lile la mbele halinywi kitu, halirefuki. Upande mmoja ukirefuka na mwingine ukibaki, kadi haina njia ila kupinda. Na hapa kwetu unyevu hauishi. Mlima Rungwe, wenye urefu unaokaribia mita 3,000, huyakamata mawingu yanayopanda kutoka Ziwa Nyasa, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Dodoma haifikishi hata milimita 700. Mvua zikipungua mwezi wa Juni huja baridi na ukungu. Lugha yetu imelitumia neno hilo hilo moja, ukungu, kwa wingu linaloshuka barabarani na kwa koga linaloota kwenye viatu kabatini, na mkazi wa Rungwe hahitaji kuelezwa kwa nini.

Sasa nilimuuliza mdogo wangu: kadi hizi zinakaa wapi? Akanionyesha kwa fahari. Baada ya kuona wiki ya kwanza zimetapakaa chini ya kitanda, alizitia kwenye mkebe wa biskuti, akaufunga, akauweka sakafuni nyuma ya kabati, mahali ambapo mdogo wa mwisho hawezi kuufikia. Mtoto aliruhusiwa kuufungua Jumamosi tu. Alikuwa amefanya kila ambacho mama mwangalifu angefanya, na ndicho kilichoziharibu. Mkebe wa bati hupoa upesi usiku, na hewa yenye unyevu iliyofungiwa ndani yake hugeuka matone kwenye kuta zake, kama kioo cha gari alfajiri. Sakafu ya saruji nayo hutoa ubaridi na unyevu wake. Nilipokipitisha kidole ndani ya mkebe kilitoka na majimaji, na kwenye kona mbili kadi zilikwisha kuanza kuota madoa meusi.

Basi tukaanza kutafuta kisanduku kingine, na siku tatu nzima nyumba ile haikuwa na mazungumzo mengine.

Lugha ya Kiswahili si maskini wa vyombo vya kuhifadhia. Tuna kasha, lile kubwa la bibi harusi lenye njumu za shaba. Tuna sanduku, mkebe, kijaluba cha tambuu, na tuna bweta, kisanduku kidogo cha nyaraka na fedha ambacho wazee wa pwani walikiweka karibu na kitanda. Mdogo wangu alilitaka bweta. Alisema kitu kilicholetwa na baba kisikae kwenye boksi la viatu. Nami nilimwelewa, ingawa boksi la viatu lenyewe nililikataa kwa sababu nyingine: kadibodi hunywa maji kuliko kadi zenyewe, na vidudu vidogo vya rangi ya fedha vinavyokula karatasi huipenda sana.

Tulikwenda kwa fundi seremala. Ninamshukuru fundi yule kwa unyofu wake, kwani angeweza kuchukua fedha zetu akanyamaza. Alituonyesha mbao za msindano zilizopasuliwa mwezi uliopita, akasema: "Dada zangu, mbao hii bado ina maji. Nikiwatengenezea leo, itayatoa maji yake ndani ya kisanduku, na kifuniko kitapinda kabla ya Idi." Mbao iliyokauka vizuri ni chombo kizuri, kwa kuwa hunywa unyevu ukizidi na kuutoa hewa ikikauka, hivyo hupunguza mabadiliko ya ghafla. Lakini haizuii. Mahali ambapo hewa ni mbichi miezi mingi mfululizo, kilichomo ndani ya mbao hatimaye huwa kibichi kama kilicho nje. Kuvu hupata nafasi unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 au 70 kwa siku nyingi, na kwetu hicho si kiwango cha kutisha, ni hali ya kawaida.

Tukarudi sokoni. Huko ndiko nilikoonekana bahili, kwa sababu nilichagua chombo cha plastiki cha kuwekea chakula, kile chenye kifuniko cha vibanio vinne na mpira unaozunguka ukingo. Mdogo wangu alikitazama kama mtu aliyeombwa avishe mgeni kanga iliyochanika. Nikamwonyesha chini yake: pembetatu ya mishale na tarakimu 5 katikati. Plastiki ya namba hiyo haidhuru karatasi. Ile ya namba 3, ambayo ikiwa laini hutoa harufu kali, huachia mafuta yake taratibu na kung'ang'ania wino. Wengi mmeona jalada la plastiki la daftari likinyakua maandishi ya ukurasa. Msitie ndani yake picha wala vyeti.

Hata hivyo, chombo kisichopitisha hewa ni rafiki wa masharti. Ukitia kitu kikavu, kitabaki kikavu. Ukitia kibichi, umekipikia kuvu na kukifunika. Kwa hiyo kadi zilikaushwa kwanza. Tulizifuta kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, ili vumbi la koga lisibaki ndani. Maji hatukuyatumia kabisa. Kisha tukazipanga katikati ya karatasi nyeupe, vitabu vizito juu yake, chumba cha pili kutoka jikoni, siku nne. Wapo watakaoshawishika kuzianika juani au kuzikaribisha kwenye jiko la mkaa. Msifanye. Joto la ghafla hukunja kadi upande wa pili na kuachanisha matabaka yake. Na msizipeleke kwenye mashine ya kuvika vyeti plastiki: joto lile haliwezi kutenguliwa, na kadi haitachanganyika tena na wenzake.

Ndani ya chombo tuliweka vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokutwa kwenye viatu na mikoba mipya, ambavyo watu huvitupa. Chembechembe hizo hunywa unyevu. Viwili vinatosha kwa kadi 60. Ukijaza kumi, hewa ndani hukauka kupita kiasi na kadi za kung'aa hupinda tena, safari hii upande wa mgongo. Viwekwe mbali na watoto wadogo, na vibadilishwe kila baada ya majuma machache wakati wa mvua, maana vikishiba havina kazi.

Kuhusu kipimo, nitasema kidogo. Kadi nyingi za michezo ya namna hii zina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88, na kadi 60 zikiwa tupu hufika unene wa karibu sentimita 2. Lakini shemeji yangu, alipopigiwa simu na kuelezwa kisa chote, alituma kwa msafiri vifuko laini vya kuvalisha kadi moja moja, vyenye mgongo mweusi, na kadi zikishavalishwa hukua hadi sentimita 3 na zaidi. Pimeni baada ya kuvalisha, kisha ongezeni nafasi ya kidole kimoja. Kisanduku kikibana, kingo huchubuka wakati wa kutoa. Kikilegea, kadi huinama ubavu na kubaki zimeinama. Vifuko hivyo ndivyo vilivyoondoa tuhuma, kwa sababu migongo yote sasa ni sawa na kadi haiwezi tena kujikunja kwa urahisi.

Msomaji mmoja atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, mchezo wenyewe? Mwaka 2001 nchi ya Saudia ilipiga marufuku kadi za Pokémon, na hoja mojawapo ilikuwa kufanana kwake na kamari. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mchezo wa Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati wa Kimarekani Richard Garfield na kutoka mwaka 1993, mwanzoni ulikuwa na kanuni ya kila mchezaji kuweka kadi moja rehani na mshindi kuzichukua zote; kanuni hiyo iliachwa baadaye. Sisi tuliocheza gololi tunakumbuka "kula" gololi za mwenzako na kurudi nyumbani mifuko mizito. Katika baraza ile sharti liliwekwa siku ile ile: kila mtoto anaondoka na kadi alizokuja nazo. Maswali yanayozidi hapo nawaachia masheikh wetu, ambao ndio wenye elimu yake.

Nitaongeza jambo moja kwa wanaodhani karatasi haidumu. Katika jumba la Topkapı mjini Istanbul zimehifadhiwa kadi zilizochorwa kwa mkono zama za Wamamluki wa Misri, zenye vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo juu ya farasi. Zina umri wa takriban miaka 500 na rangi zake bado zinasomeka. Sizitaji ili kuhalalisha karata. Nazitaja kwa sababu ni karatasi tu, na mtu fulani alizitunza mahali pakavu.

Hoja iliyobaki ilikuwa mahali pa kuweka chombo na nani akifungue. Kiliondolewa sakafuni, kikawekwa rafu ya katikati ya kabati lililo kwenye ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua. Juu ya ufunguzi tulibishana. Mdogo wangu alitaka Jumamosi iendelee kuwa siku pekee. Mimi nilisema kitu kisichofunguliwa hakikaguliwi, na kwamba mkebe ule ungefunguliwa kila siku kavu tungeyaona madoa mapema. Mwisho mtoto mwenyewe alipewa kazi: kila baada ya sala ya Alasiri, jua likiwepo, anafungua, anazitazama zile tisa za kung'aa, anafunga vibanio vinne. Siku ya mvua hafungui. Ameandika kwenye daftari mistari miwili, "jua" na "mvua", na anachora alama kila siku. Mstari wa mvua ni mrefu mno.

Mtoto wa jirani alirudi Jumamosi iliyofuata. Hakuna aliyemwomba aseme lolote. Alizichukua kadi zilizovalishwa, akazigeuza kifudifudi, akazipitisha mbele ya macho yake moja baada ya nyingine, zote 60, kisha akakaa mkekani akasema, "Haya, changanya."

Bweta la mbao bado liko kwenye hesabu. Fundi amesema mbao itakuwa imekauka ifikapo Septemba, na shemeji anatarajiwa likizo baada ya hapo. Chombo cha plastiki kitakaa ndani yake.