Eti Farasi ni wa Matajiri wa Karen?

Wasee, juzi niliposti video ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo akiwa juu ya farasi, na komenti zikanichosha. "Hizo ni raha za Karen." "Sisi Bomet tunataka barabara, wewe unatuletea farasi." Mmoja akauliza kama farasi pia atachuna chai.

Sawa. Tuongee basi.

Binamu yangu ana miaka tisa. Anakaa kwa kogo pande za Litein, nyumba imezungukwa na majani chai. Alipewa kiti cha magurudumu, watu wakapiga picha, wakaenda. Wewe jaribu kusukuma hicho kiti kwa kile kimteremko mvua ikishanyesha, na unajua Kericho mvua hainaga likizo. Kliniki anafika mara moja kwa mwezi, boda kwenda na kurudi, foleni ndefu, halafu ananyooshwa miguu dakika chache. Hiyo ndiyo tiba yake yote.

Sasa farasi anafanya nini? Akitembea polepole, nyonga za aliyekaa juu zinasukumwa mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kuzungushwa kidogo, karibu sawa na nyonga za mtu anayetembea kwa miguu yake. Mtoto ambaye hajawahi kutembea, mwili wake unaonja kutembea. Hatua ni kama 100 kwa dakika, kwa hivyo nusu saa ni 3,000 hivi. Hakuna fisio mwenye mikono ya kufanya hivyo mara 3,000. Mgongo na shingo lazima vifanye kazi, la sivyo unaanguka.

Haiponyi. Anayekuambia farasi ataponya mtoto wako ni tapeli. Inasaidia kukaa wima na kushika balansi, na kwa mtoto asiyeweza kukaa mezani kula, hiyo si kitu kidogo.

Na si jambo la jana. Lis Hartel, mama wa Denmark, alipata polio 1944, miguu ikabaki dhaifu chini ya magoti. Mwaka wa 1952 kule Helsinki alichukua medali ya fedha ya Olimpiki akishindana na wanaume, na bado alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka farasi wake.

Mnasema farasi ni ghali. Hapo nakubali. Chakula, kwato, na ugonjwa wa farasi wa Afrika unaweza kumuua kwa siku chache. Lakini nani alisema lazima awe farasi? Bomet imejaa punda! Anabeba maji, anabeba maziwa, anapigwa viboko, na miaka michache iliyopita tulikuwa tunamchinja ngozi iende China, hadi serikali ikapiga marufuku Februari 2020. Uingereza, shirika la The Donkey Sanctuary limekuwa likikutanisha punda na watoto wenye ulemavu kwa miaka mingi. Punda ni mpole, ni mfupi, hashtuki ovyo. Kwa mtu mzima mzito hafai, lakini kwa mtoto anafaa.

Enyewe nilijaribu Desemba. Punda wa jirani, mimi nimemshika binamu, mjomba akiongoza, mpaka kwa tangi na kurudi. Hakukuwa na helmeti, na hapo nilikosea, msiige. Alicheka njia yote. Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa mlangoni anaelekeza kidole zizi la jirani.

Kaunti ya Kericho na ya Bomet, hatuwaombi hospitali ya farasi. Tunataka fisio mmoja aliyefunzwa, helmeti, punda wanaotunzwa vizuri, kijana wa kuongoza na wawili wa kushika pembeni, na daktari wa kupima kwanza, maana mtoto mwenye kifafa kisichotulia au nyonga iliyotoka asipandishwe. Kona moja ya Kericho Green Stadium, Jumamosi asubuhi. Wakija 2027 na fulana zao, waulizeni hiyo.

Na wewe wa farasi kuchuna chai: mashine tayari zinachuna. Wamama wengi waliokuwa wakichuna wako nyumbani. Aliye na mtoto kama binamu yangu ndiye farasi mwenyewe, anambeba mgongoni mpaka stejini, na huyo mtoto anaongeza kilo kila mwaka.