Malipo ya uzeeni shuleni: Mageuzi yasikomee kwa mwalimu

MPANGO mpya wa malipo ya uzeeni kwa watumishi wa umma, ulioanza Januari 2021, uliwaondolea walimu dhuluma ya miaka mingi. Hata hivyo, katika shule za Kitui na Makueni, kama kwingineko nchini, manufaa hayo yamekomea katika afisi ya walimu. Jikoni na langoni hayajafika.

Chini ya Sheria ya Pensheni ya zamani, mwalimu aliyejiuzulu kabla ya kutimiza umri wa miaka 50 alipoteza haki yake, hata kama alikuwa amefundisha miaka 20. Katika mpango mpya, mwalimu huchangia asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, nayo serikali huongeza asilimia 15. Akihama kazi, akiba humngoja hadi uzeeni.

Mpishi, bawabu na karani hawamo. Mwajiri wao si Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, bali ni bodi ya shule, ambayo hutegemea mgao wa serikali na karo. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tegemeo la mkulima wa Ukambani, zikikosekana, mzazi hushindwa kulipa karo na bodi huyumba. Tegemeo la wafanyakazi hawa ni NSSF, ambako hadi 2023 makato ya kawaida yalikuwa Sh200 kwa mwezi, mwajiri akiongeza kiasi hicho hicho. Hiyo si akiba ya kumtunza mzee.

Wapo pia walimu wakongwe waliosalia katika mpango wa zamani. Pensheni yao hukokotolewa kwa miezi ya utumishi, kila mwezi ukihesabiwa sehemu moja kwa 480 ya mshahara wa mwisho. Aliyefundisha miaka sita akilipwa na bodi kabla ya kuajiriwa na TSC hupoteza miezi 72, yaani asilimia 15 ya mshahara huo.

Serikali itasema hazina haina fedha. Hoja hiyo ina uzito, lakini kuanza kidogo kunawezekana: wafanyakazi wa bodi wafunguliwe mlango wa mpango huo, na mchango wa mwajiri utengwe katika mgao wa shule kabla haujafika kwa bodi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini ni sharti kwanza iwekwe.