Homa, Chanjo na Uzazi wa Mwanamume

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani jijini Dar es Salaam, na chanjo ya UVIKO-19 ikazinduliwa nchini. Papo hapo ulienea uvumi kwamba sindano ile humfanya mwanamume kuwa mgumba. Uvumi huo uligeuza ukweli juu chini, kwani kinachoweza kudhoofisha uzazi wa mwanamume ni ugonjwa wenyewe. Shule za sekondari, kuanzia Mbinga mpaka Liuli na Mbamba Bay, hazina budi kulifundisha jambo hili waziwazi.

Mbegu za kiume hutengenezwa katika korodani, zilizo nje ya tumbo kwa kuwa kazi yake huhitaji joto pungufu ya lile la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4 hivi. Mbegu huchukua takribani miezi miwili na nusu kukamilika. Homa kali huziathiri mbegu zilizo bado katika kukua, na madhara huonekana baada ya wiki kadhaa, mgonjwa akiwa amekwisha kupona na kurudi shambani au ziwani. UVIKO-19 si ugonjwa pekee uletao homa. Mwambao wa Ziwa Nyasa una joto, na mbu wa malaria hustawi huko kuliko katika baridi ya milima ya Umatengo. Kwa hiyo somo hili linawahusu wavuvi wa mwambao hata mahali ambapo korona imesahauliwa.

Ushahidi upo. Mwaka 2022 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya wanaume 120 waliopona UVIKO-19. Miongoni mwa waliopimwa kabla ya mwezi kwisha, asilimia 60 walikuwa na mbegu zenye mwendo hafifu. Miongoni mwa waliopimwa baada ya miezi miwili, asilimia 28. Virusi havikuonekana katika manii yao. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Boston kilitoa uchunguzi wa wanawake zaidi ya 2,000 wa Marekani na Kanada waliokuwa wakitafuta mtoto. Chanjo, ya mke au ya mume, haikupunguza uwezekano wa kushika mimba, wala aina ya chanjo haikubadili matokeo. Lakini mume aliyeugua katika siku 60 zilizotangulia alionekana kupungukiwa uwezo huo kwa muda.

Faida ya elimu hii haiishii kwenye chanjo. Nyumba inapokosa mtoto, lawama humwangukia mke, naye huitwa tasa kabla mume hajapimwa, ingawa kasoro za upande wa mwanamume huchangia karibu nusu ya matatizo hayo. Wengi huchanganya ugumba na uhanithi, hivyo mwanamume mwenye nguvu hudhani kupimwa ni kujivunjia heshima. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Mwalimu wa biolojia na awafundishe wavulana na wasichana pamoja kwamba mume na mke huenda hospitali wote wawili. Kwamba aliyetoka katika homa kali akikutwa na mbegu chache hupimwa tena baada ya miezi mitatu. Na kwamba kujikinga na maradhi ni kuulinda uzazi. Kijana aliyeyaelewa hayo darasani hatamfukuza mkewe kwa kosa lisilo lake.